Shule ya Kwera

Ng'ambo ya ziwa moja pana, mahali ambapo matete husimama majini na mikindu huinamia ufuko, palikuwa na dola ya ndege iliyosifika pande zote kwa ufundi wa kusuka viota. Raia wake walikuwa kwera, ndege wadogo wa manjano, wenye kelele nyingi na bidii kubwa zaidi. Kwera dume huchana ukanda mrefu wa jani bichi kwa mdomo, akaubana kwa mguu kwenye kitawi, akaupitisha chini na kuurudisha juu mpaka fundo likaze, kisha huendelea hivyo hadi apate pete ya kusimama ndani yake. Na akishasimama katika pete hiyo ndipo husuka chumba mbele yake, kwa kadiri mdomo wake unavyofika, na mlango akauelekeza chini ili mvua isiingie na nyoka apate taabu. Kazi ikiisha huning'inia mlangoni akipiga mbawa na kuimba, na jike huja kukagua. Jike asiporidhika, na majani yakaanza kukauka na kugeuka rangi, dume hukifumua kile kiota kwa mdomo wake mwenyewe, akaanza kingine mbele ya majirani wote, wala hakuna amchekaye, kwa kuwa hakuna kati yao ambaye hajawahi kufumua chake.

Zama hizo makinda hawakuwa na shule. Walikaa kando ya madume wakubwa, wakachezea vipande vya majani vilivyoanguka, wakavuta, wakakata, wakaangusha, wakaokota tena. Ndipo alipokuja Furukombe kutoka mbali, ndege mkubwa wa kichwa cheupe, akalitawala ziwa lile miaka mingi, na kila asubuhi alirudisha kichwa nyuma akapaza ukelele uliosikika toka pwani hii hadi pwani ile. Siku yake ya kuondoka ilipofika akaondoka, lakini ukelele wake ukabaki. Walioumudu walipewa matawi ya juu. Aliyetaka ukarani wa baraza, au ulinzi wa ghala, au hata heshima ya kusalimiwa kwanza, alipaswa kuupaza, na ikawa mzazi wa kwera hulala akiota kinda wake analia sauti ya Furukombe. Siwalaumu wazazi wale. Kila mzazi humtakia mwanawe tawi la juu, na njia ya kupandia ilikuwa hiyo moja.

Basi Baraza Kuu likaanzisha Shule ya Usukaji chini ya mbuyu, na sheria yake ya kwanza ikachorwa kwenye gome la mti: kinda yeyote asiguse unyasi mpaka aweze kutaja mafundo yote na kanuni zake kwa sauti ya Furukombe. Ualimu alipewa Korongo, ndege mrefu wa kauli nzito, ambaye kwao kiota ni vijiti vilivyolazwa juu ya mti, na ambaye hakuwahi kufunga fundo maishani mwake. Hakuwa na roho mbaya. Alikuwa na makinda wengi kuliko matawi ya kuwakalisha, na alifundisha kama alivyofundishwa.

Asubuhi moja Korongo aliuliza, "Fundo la kwanza huitwaje?" Kwenye tawi la nyuma aliketi kinda mmoja, mwana wa mwisho wa mjane wa pale ufukweni, ambaye wenzake walimwita Kitinda. Jibu alilijua. Alikuwa amemwona baba yake, kabla hajachukuliwa na kipanga, akilifunga fundo hilo siku baada ya siku, na hata pale alipoketi kidole chake kimoja cha mguu kilikuwa kikifuata njia ya ukanda, kikipita chini ya tawi, kikirudi juu. Akanyanyua ubawa. Akafunua mdomo, akautafuta ukelele wa Furukombe kooni asiupate, na kabla hajajikusanya likamtoka jina la fundo kwa Kikwera, kama alivyolisikia kwa baba yake. Darasa zima likaangua kicheko. Wengi wa waliocheka hawakulijua jibu kwa lugha yoyote, lakini walikwisha kujua kwamba katika kucheka mna usalama, maana anayecheka, kwa wakati huo, si yeye anayechekwa.

Korongo akateremsha msumarini gamba la konokono lililotobolewa na kutiwa uzi, akamvika Kitinda shingoni. Hiyo ndiyo iliyokuwa adabu ya shule. Aliyenaswa akitamka Kikwera alivikwa gamba, akatembea nalo mpaka amsikie mwenzake akiteleza, ndipo amvike yeye. Na aliyekutwa nalo jua likitua alidonolewa mbele ya wote. Kwa njia hiyo makinda walijifunza barabara jambo moja, nalo ni kuviziana. Rafiki alimtekenya rafiki ili ateleze. Waliokuwa werevu zaidi waligundua kwamba asiyesema hatelezi, wakafunga midomo.

Maswali Korongo aliuliza mengi, lakini kati ya swali na jibu aliacha muda wa kupepesa jicho tu, na ukimya ukizidi hapo alijibu mwenyewe, kisha akamalizia, "Tumeelewa?" Nao makinda wote kwa pamoja, tangu tawi la mbele hadi la nyuma walikoketi wasiosikia kitu kwa upepo wa ziwa, wakaitikia, "Tumeelewaaa!" Wapitao njia walipendezwa na sauti ile. Walisema shule imesimama.

Kila mwisho wa msimu jani pana la mgomba lilibandikwa kwenye shina la mbuyu, majina yakiwa yamepangwa toka wa kwanza hadi wa mwisho, na wazazi wakaja kusoma. Wa kwanza alikuwa Kasuku, mwana wa msitu wa magharibi aliyeletwa kusoma pale, ambaye aliweza kuutoa ukelele wa Furukombe hata Furukombe mwenyewe angegeuka kutazama. Hakuna aliyewahi kumwomba afunge fundo. Wa mwisho alikuwa Kitinda. Mama yake alianza kulisoma jani lile juu, akateremka jina kwa jina, na alipofika chini hakusema neno. Alikunja mbawa akarudi nyumbani kwa miguu, yeye ambaye ni ndege.

Kitinda alishika mkia msimu wa kwanza, akashika wa pili na wa tatu. Baada ya hapo hakunyanyua tena ubawa. Akaanza kuchelewa, kisha akaanza kuumwa tumbo asubuhi za shule, na tumbo lenyewe likawa linapoa adhuhuri. Korongo alimwandika mvivu. Nimewasikia wengi wakiwaandika hivyo makinda wa namna hii, nami sikubaliani nao hata kidogo. Kinda aliyekwisha kuona kwamba akijibu, apate asipate, ataondoka na gamba shingoni, naye akachagua kunyamaza, huyo amepiga hesabu na amepata. Kitinda hakuwa amechoka kusoma. Alikuwa amekwisha kuamini kwamba hakuna kitu chochote kinachoweza kutoka kwake kikafaa, na aliyefika hapo hamu ya kusoma aitoe wapi?

Mwaka ukatimia. Makinda waliofaulu wakatangazwa kwa shangwe kuwa wasukaji, wakapewa unyasi kwa mara ya kwanza. Wengine waliulaza juu ya tawi wakangoja. Wengine waliuvuta mpaka ukawakatikia mdomoni. Wengine walichukua majani makavu, kwa sababu hakuna siku waliyoachwa wajionee kwamba jani kavu halipindiki. Na wote, Kasuku akiwa mbele, waliweza kutaja mafundo yote kwa ufasaha huku kamba zikidondoka majini moja moja. Msikilizaji asidhani hapa natia chumvi. Mwaka 1964 wanasayansi wawili wa Marekani, Nicholas Collias na mkewe Elsie, walichapisha habari za makinda wa kwera waliolelewa bila unyasi wala majani ya kuchezea. Walipokuja kupewa baadaye, juma la kwanza lilipita bila kufaulu kusuka hata ukanda mmoja. Ndege wale walizaliwa na hamu ya kusuka. Walichonyimwa ni siku za kuvurunda.

Baraza Kuu likakutana. Kunguru akasimama akasema makinda wa siku hizi wamedekezwa, basi adabu iongezwe na gamba litafutwe zito zaidi. Bundi akasema hapana. Makinda hawa hawajiamini, na asiyejiamini hasomi. Neno hilo lilikuwa kweli tupu, na laiti baraza lingelala nalo usiku mmoja likalifikiri. Lakini jua lilikuwa linachwa na wajumbe wamechoka, na kabla ya kuinuka wakapitisha Amri ya Sifa: kila asubuhi kila kinda aambiwe kwamba ni fundi stadi, apigiwe mbawa, aimbiwe wimbo.

Korongo akatii. Alipita tawi hadi tawi akisema, "Vizuri sana, vizuri sana, vizuri sana," kwa Kasuku na kwa Kitinda, kwa aliyejibu na kwa aliyesinzia, macho yake yakiwa juu ya vichwa vyao. Mbawa zilipigwa, wimbo ukaimbwa. Gamba halikuondolewa msumarini, na jani la mgomba liliendelea kubandikwa.

Siku za mwanzo makinda walichangamka. Juma la pili walikwisha kung'amua kwamba "vizuri sana" inayosemwa kwa wote ni dalili kwamba hakuna aliyetazamwa. Walioumia zaidi ni wale ambao sifa ililetwa kwa ajili yao. Kitinda alipoambiwa, "Hongera, fundi stadi," aliitazama miguu yake ambayo haijawahi kushika unyasi shuleni, akaona haya kuliko siku aliyovikwa gamba. Siku ile walau aliadhibiwa kwa neno alilolisema kweli. Makinda si wajinga wa mambo yao wenyewe. Kila mmoja anajua anachoweza na asichoweza, na ukimpa jina la fundi kabla hajafunga fundo umemwongezea jambo la kuficha.

Sasa, palikuwa na kwera jike mzee, Bi Kheri, ambaye maisha yake yote alikuwa akikagua viota. Korongo alipolemewa na wingi wa makinda aliwakusanya wote walioshika mkia akampelekea yeye, awakalishe popote wasije wakamshushia darasa. Bi Kheri akawakalisha matetani, karibu na maji, na siku ya kwanza kabisa, kinyume cha sheria iliyochorwa gomeni, akawamwagia lundo la majani mbele yao, mabichi na makavu pamoja.

"Shikamoo, Bibi," wakasema kwa sauti za chini.

"Marahaba, wajukuu zangu. Leo sitaki kiota. Nataka kila mmoja afunge fundo moja, hilo moja tu, tuone kama litashika."

Fundo la Kitinda lilifumuka, likafumuka tena, na kinda aliyeketi kando yake akacheka. Bi Kheri hakumkemea. "Wewe uliyecheka, njoo umshikie mwenzako ncha hii," akasema, na hiyo ikawa desturi ya matetani, kwamba anayecheka humshikia mwenzake ncha ya pili. Kicheko hakikuisha pale, ila kilibadilika, kwa maana ni vigumu kuidhihaki kazi ambayo nusu yake umeibana kwa mguu wako.

Kisha Bi Kheri akanyamaza, akatazama. Kitinda alidhani amekasirika. Akasubiri jibu litolewe na mwingine kama ilivyo ada, wala hakuna aliyelitoa, na polepole akafahamu kwamba anangojwa yeye. Akaulegeza ukanda, akaupitisha upya, akavuta. Likashika. Bibi akalivuta kwa mdomo, akalivuta tena kwa upande wa pili.

"Huku limelegea, upepo ukija litafumuka," akasema. "Lakini nimeona umeyaacha majani makavu yote ukachagua bichi. Nani alikufundisha?"

"Hakuna, Bibi. Niliona lile kavu linakatika."

"Basi waambie wenzako ulichoona."

Akageuka akawaambia, kwa Kikwera, bila kutazama shingoni pake, na jioni ile lundo la majani makavu lilibaki halijaguswa. Bi Kheri hakumwita fundi stadi, wala siku ile wala siku zilizofuata. Alimwonyesha palipolegea na alimwonyesha palipokaza, na kwa kuwa la kwanza lilikuwa kweli, la pili nalo liliaminika.

Siku nyingine alimleta mzee mmoja, msukaji aliyesifika kuliko wote ziwani, akamwomba asuke mbele ya makinda. Mzee akasuka hadi adhuhuri. Akaja jike, akakivuta kiota huku na huku, akakataa, akaruka zake. Makinda wakajikunyata wakingoja kuona gamba litatoka wapi. Mzee akakohoa, akasema, "Ukumbi nimeufanya mfupi," akakifumua kiota kizima kwa mdomo wake, akaomba majani mengine. Hakuna somo lililozungumzwa zaidi usiku ule viotani kuliko hilo. Kitinda alimsimulia mama yake mara mbili.

Fundo liliposhika, ndipo Bi Kheri alipowapa jina lake kwa Kikwera, na jina likishakaa ndipo alipowapa lile la Furukombe. Kwa hiyo ukelele ule haukuwa adui matetani. Kitinda, ambaye misimu mitatu haikutosha kumpa neno moja la Furukombe, sasa aliyapokea manne na matano kwa siku, kwa kuwa kila neno lilikuta kitu cha kukalia. Alikosea matamshi, wakamrekebisha, akarudia. Siku moja alimwomba Bibi amwongeze mengine, jambo ambalo tangu shule ianzishwe hakuna aliyewahi kulisikia.

Mkaguzi Mkuu, Hondohondo, akafika. Kwa Korongo alikuta makinda wamekaa mistari, kimya, akauliza, "Mmeelewa?" akajibiwa kwa sauti moja, akaandika kwamba darasa ni bora. Matetani alikuta majani yamezagaa, makinda wanabishana, viota vitatu havina paa na kimoja kimepinda. Akaanza kuandika juu ya ukosefu wa nidhamu. Wakati anaandika, Kitinda alikuwa akiitazama nembo ya shule aliyoivaa Hondohondo kifuani, iliyochorwa kiota.

"Shikamoo, Mzee. Naomba kuuliza. Mbona kiota cha kwenye nembo mlango wake unatazama juu? Mvua ikinyesha maji hayaingii?"

Hondohondo akainamisha kichwa akaitazama nembo. Alikuwa ameivaa miaka yote ile. Akajibu kwamba swali hilo halimo katika ukaguzi, akakunja karatasi zake akaondoka, lakini walioandamana naye wanasema njia nzima alikuwa akiinamia kifua chake.

Masika yakaja. Kitinda akasuka kiota chake cha kwanza juu ya maji, akaning'inia mlangoni akapiga mbawa. Jike akaja, akavuta, akakataa. Mama yake, aliyekuwa akitazama kutoka kwenye mkindu, alifumba macho akingoja kumwona mwanawe anarudi nyumbani kulala na tumbo lake. Alipofumbua, Kitinda alikuwa amekwisha kukifumua kiota nusu nzima, na kesho yake alfajiri, kabla mama hajaamka, alikuwa amechana majani mapya. Kiota cha pili jike alikiingia, akatoka, akarudi na nyasi laini mdomoni za kutandika ndani.

Kwangu mimi kiota hicho cha pili ni kidogo mbele ya alfajiri ile. Hakuna aliyemwamsha, hakuna aliyemtisha, wala hakukuwa na jani la mgomba la kusomwa. Alikuwa amekosea hadharani, akajua kosa liko wapi, na alikuwa na hakika, kwa mafundo mengi aliyoyaona yakishika, kwamba linarekebishika.

Siku chache baadaye Kasuku alikuja matetani jioni, peke yake, akasimama mbali. Bi Kheri akamkaribisha. Yule wa kwanza wa misimu yote aliushika ukanda akitetemeka mguu, kwa kuwa darasani hakuwahi kukosa mbele ya watu na hakujua atabaki nani akikosa. Fundo lilifumuka. Akamtazama Kitinda, akitarajia kicheko. Kitinda akamshikia ncha ya pili.

Wazazi wakaanza kuwahamishia makinda wao matetani, na Baraza Kuu likalazimika kukutana tena. Sheria ya gomeni haikufutwa, kwa sababu wengi wa wajumbe walipandia hiyo hiyo hadi matawi ya juu na wanaogopa kuikata. Lakini walikubali kwamba kila Jumatano unyasi uingie darasani, gamba la konokono lifungiwe sandukuni, na kila kinda aulizwe kwa sauti anayoielewa na angojwe ajibu. Tangu hapo Jumatano ndiyo siku ambayo katika shule nzima hakuna kinda anayeumwa tumbo. Siku nne zilizobaki zingali mikononi mwa wakubwa, nasi wenye makinda shuleni tuwaombe, tena tusichoke kuwaomba, wazifungue nazo.